Namna ya Kuwahoji Wafanyakazi wa Kampuni Kubwa ya Teknolojia Kabla ya Kusaini Mkataba

Mtu aliyepewa nafasi ya kazi na Google, Microsoft, Amazon au Meta kwa kawaida huwa na siku chache tu za kutoa jibu, na katika siku hizo humwuliza kila anayemfahamu swali lile lile: kazi ya pale ikoje? Majibu anayoyapata hupingana. Mmoja husema hajapata kufanya kazi na watu waungwana kama wale, mwingine husema aliondoka pale akiwa mgonjwa, na huenda wote wawili wanasema kweli. Kuuliza Google ikoje ni sawa na kuuliza Nairobi ikoje bila kusema kama unahamia Karen, mtaa wa matajiri, au Mathare, mtaa wa mabanda. Kazi ya mwulizaji, basi, si kukusanya maoni mengi kadiri awezavyo, bali ni kumbana kila msimulizi, kwa adabu, mpaka ijulikane alikuwa timu gani, mwaka gani, katika ngazi gani na kwa mkataba wa nani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo. Mifano yangu mingi ni ya Nairobi, kwa sababu ndiko Microsoft ilikoanzisha kituo cha wahandisi mwaka 2019 na ndiko Google ilikotangaza kituo chake cha kwanza cha kuunda bidhaa barani Afrika mwaka 2022.

Kwanza ijulikane anayelipa mshahara

Si kila anayesema alifanya kazi Google alikuwa mwajiriwa wa Google. Kwa mujibu wa takwimu za ndani zilizochapishwa na gazeti la New York Times, mwezi Machi 2019 kampuni hiyo ilikuwa na waajiriwa wapatao 102,000, na pembeni yao wafanyakazi wa muda na wa mawakala, yaani kampuni za nje zinazoleta watu, wapatao 121,000 duniani kote. Walikaa katika majengo yale yale, pengine meza zikitazamana, lakini kitambulisho kilichoning'inia shingoni kilikuwa cheupe kwa mwajiriwa na chekundu kwa mtu wa wakala. Microsoft tofauti hiyo huonekana kwenye anwani ya barua pepe, ambayo kwa wengi walioletwa na mawakala huanza na herufi v na kistari. Mgawanyo huu ulikwisha kufika mahakamani zamani: mwaka 2000 Microsoft ilikubali kulipa dola milioni 97 ili kumaliza kesi ya watu waliofanya kazi pale kwa miaka mingi wakihesabiwa kuwa wa muda, huku wakinyimwa nafasi ya kununua hisa kwa bei nafuu waliyokuwa nayo wenzao.

Nairobi jambo hili lina uzito zaidi. Kuanzia 2019 hadi mapema 2023, sehemu kubwa ya machapisho ya Facebook katika lugha za Kiafrika ilichujwa na vijana waliokaa Nairobi wakiwa wameajiriwa na kampuni ya Sama, si na Meta yenyewe, inayomiliki Facebook. Kazi yao ilikuwa kutazama picha na video za mauaji, mateso na unyanyasaji, moja baada ya nyingine, na kuamua ipi iondolewe. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alizishtaki kampuni zote mbili. Meta ilijitetea kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka juu yake. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba ikaikatalia hoja hiyo Februari 2023, na Mahakama ya Rufaa ikashikilia uamuzi huo Septemba 2024. Mchujaji wa maudhui na mhandisi wa programu wanaweza wote kutaja jina la Facebook wanapoulizwa walikofanya kazi, lakini mshahara, bima, mapumziko na hata mlango wa kuingilia ni vitu tofauti kabisa, na simulizi ya mmoja haimsaidii sana anayeitafuta kazi ya mwingine.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe la makaratasi, na liulizwe kabla ya mengine yote: mkataba wako ulisainiwa na kampuni gani, na jina gani lilikuwa juu ya hati yako ya mshahara? Baada ya hapo uliza ni nani aliyeidhinisha likizo, bima ya afya ilikuwa ya nani, na kama mkataba ulikuwa na tarehe ya mwisho. Ikiwa wewe mwenyewe unachukuliwa kupitia wakala, tafuta simulizi za watu wa wakala huyohuyo, na usijidanganye kwa picha za vyakula vya bure na viti vya kukandia mgongo zinazowekwa na waajiriwa wa kudumu.

Halafu mwaka

Simulizi za kazi huchacha haraka, na hili wasomaji wengi hulisahau kwa kuwa jina la kampuni halibadiliki. Chukua Microsoft. Kwa miaka mingi mameneja wa pale walilazimika kuwapanga watu wao kwa madaraja yenye viwango vilivyokwisha wekwa, kiasi kwamba hata katika timu ya watu hodari tupu lazima mmoja angepewa alama ya chini. Waliofanya kazi chini ya utaratibu huo husimulia jinsi watu walivyokwepa kukaa timu moja na wenzao wenye uwezo, na jinsi walivyofichana maarifa. Utaratibu huo ulifutwa Novemba 2013. Anayekuhadithia Microsoft ya 2011 hasemi uongo, ila anakuhadithia mahali ambapo hutaajiriwa.

Kwa upande mwingine, aliyeondoka kampuni yoyote kati ya hizi kabla ya Novemba 2022 huenda akakupa picha ya utulivu iliyokwisha pita. Mwezi huo Meta iliwaachisha kazi watu 11,000, na Machi 2023 ikatangaza wengine 10,000. Januari 2023 Google ilitangaza 12,000, Microsoft 10,000, na Amazon zaidi ya 18,000, kabla ya kuongeza 9,000 mwezi Machi. Baadhi ya watu wa Google nchini Marekani walijua kwamba hawana kazi tena pale kompyuta ilipokataa nywila yao alfajiri. Tangu hapo watu waliobaki huzungumza kwa namna nyingine juu ya kujituma, juu ya kukataa kazi ya ziada, na juu ya kumwamini meneja. Vivyo hivyo kuhusu kufanyia kazi nyumbani: mhandisi wa Amazon wa 2021 atakusimulia kazi aliyoifanya akiwa kwao kijijini, ilhali Septemba 2024 mkurugenzi mkuu Andy Jassy alitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 watu warudi ofisini siku tano kwa wiki.

Mwaka una maana hata kwa mahali. Vituo vya wahandisi vya Microsoft vya Nairobi na Lagos vilizinduliwa pamoja, kwa sherehe na ahadi zilezile, kisha mwaka 2024 cha Lagos kikafungwa na cha Nairobi kikaendelea. Hivyo mwulize msimulizi aliingia lini, akatoka lini, na nini kilibadilika kati ya tarehe hizo mbili. Asiyeweza kutaja badiliko lolote katika miaka mitatu ama hakuwa makini, ama anakuficha.

Nani aulizwe, na kwa namna gani

Binafsi humpa uzito zaidi mtu aliyeondoka kwa hiari yake miezi sita hadi miaka miwili iliyopita, kwani hana cha kuogopa kwa meneja wake na bado anakumbuka mambo madogo. Aliye ndani bado anafaa sana, lakini mwulize bila aibu kama atalipwa chochote ukiajiriwa kupitia kwake, maana kampuni nyingi za aina hii huwapa waajiriwa bakshishi kwa kuleta watu. Kulipwa huko hakumfanyi kuwa mwongo. Kunakuonyesha tu mahali pa kumsikiliza kwa tahadhari. Aliye katika miezi yake ya kwanza bado yuko katika fungate. Aliyepunguzwa kazi husimulia zaidi siku ya mwisho, na ni haki yake, lakini ukimwomba akueleze wiki za kawaida kabla ya hapo mara nyingi atakupa simulizi ya haki kuliko unavyotarajia.

Kuna pia mitandao ambako wafanyakazi huandika bila kutaja majina yao, kama Glassdoor na Blind. Isome, lakini usihesabu nyota wanazoipa kampuni. Wanaojisumbua kuandika aghalabu ni waliofurahi mno na waliokasirika mno, na wengine huandika baada ya kuombwa na mwajiri. Tafuta sentensi zenye mambo yanayoweza kuhakikishwa: jina la idara, idadi ya watu katika timu, utaratibu wa zamu, muda uliopita kabla ya kupandishwa cheo. Malalamiko yaleyale yakitokea kwa watu wa idara moja katika miaka tofauti, hayo yana maana kuliko wastani wa nyota uliokokotolewa kwa kuchanganya wahandisi wa Amazon wa Seattle na wapakiaji mizigo wa maghala yake.

Mtu wa ndani usimwandikie kwenye barua pepe ya kazini, wala usimwulize siri za bidhaa, kwa kuwa amesaini kutunza siri na ukimtia hofu atanyamaza hata kwa yale anayoruhusiwa kusema. Jitambulishe, mwambie ni nani aliyekupa jina lake, na uombe muda usiozidi dakika ishirini za simu. Usianze kwa kuuliza kama anaipenda kazi yake. Mwombe akueleze Jumanne yake ya kawaida ya mwisho, tangu alipofungua kompyuta mpaka alipoifunga.

Swali hilo la Jumanne hutoa mambo ambayo msimulizi mwenyewe hakujua kwamba yana umuhimu. Kwa mhandisi wa Nairobi ambaye timu yake inashirikiana na ile ya Redmond, makao makuu ya Microsoft, asubuhi huwa tulivu sana na ndipo kazi ya kuandika programu inapofanyika. Wenzake wa Marekani wanapoingia ofisini saa tatu asubuhi, Nairobi ni saa moja jioni, na majira yao ya baridi yakifika, saa zao zikirudishwa nyuma, inakuwa saa mbili usiku. Kikao cha nusu saa kikianza hapo, halafu kikafuatwa na kingine, chakula cha jioni huliwa mbele ya skrini na watoto hulala bila kumuaga mzazi. Timu inayoshirikiana na Dublin, ambako saa ziko nyuma ya zetu kwa mbili au tatu tu, au na Hyderabad, ambako ziko mbele kwa mbili na nusu, haina shida hiyo. Ni kampuni moja, jengo moja la Nairobi, pengine hata mshahara mmoja, na maisha mawili yasiyofanana. Mwulize kila msimulizi: meneja wako alikaa nchi gani, na vikao vya jioni vilikuwa vingapi kwa wiki?

Zamu ya dharura

Timu nyingi zinazoendesha huduma za seva huwa na zamu ya dharura, ambapo kwa siku kadhaa au wiki nzima mhandisi mmoja hubeba simu na kuamka wakati wowote mfumo ukianguka. Hakuna jambo linalotofautisha timu nzuri na mbaya kwa uwazi zaidi ya hili, na bahati nzuri lina majibu ya nambari. Uliza watu wangapi walipokezana zamu, na katika zamu ya mwisho msimulizi aliamshwa usiku mara ngapi. Wahandisi wa Google wanaosimamia uthabiti wa mifumo wamewahi kuandika hadharani kwamba timu ya kituo kimoja inahitaji watu wasiopungua wanane ili zamu isimwelemee mtu, na kwamba matukio yasiyozidi mawili kwa zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili ndiyo yanayoweza kushughulikiwa vizuri. Ukiambiwa kwamba timu ina watu wanne na simu hulia kila usiku, una kipimo cha kulinganisha, na kipimo chenyewe kimetoka kwa watu wa kazi hiyo.

Kisha uliza hitilafu kubwa ya mwisho iliandikiwa ripoti ya namna gani. Katika timu zinazofuata desturi ya kutolaumu, ripoti hueleza jinsi mfumo ulivyoruhusu kosa kutokea na nini kirekebishwe, bila kumtaja mtu kama mkosaji. Kila kampuni kubwa itakwambia kwamba inafuata desturi hiyo. Mtu wa timu ndiye atakayekwambia kama baada ya ripoti kusomwa aliyebonyeza kitufe alibaki na amani, au kama kosa lile liliibuka tena miezi sita baadaye kwenye tathmini yake.

Ngazi, tathmini na maandishi

Ngazi hutajwa kwa nambari zinazopotosha. Google humwanzisha mhandisi aliyetoka chuoni katika ngazi ya 3, na ya 5 ni ya mhandisi mwandamizi. Amazon huanza na 4, na mwandamizi huwa 6. Microsoft huhesabu kuanzia karibu na 59, na uandamizi huanza 63. Basi anayesema alikuwa ngazi ya 5 hajasema kitu mpaka ataje kampuni, na anayehama kutoka kampuni moja hadi nyingine kwa nambari ileile anaweza kuwa ameshuka. Mwulize msimulizi aliajiriwa ngazi gani ukilinganisha na uzoefu aliokuja nao. Malalamiko ya kuingizwa chini ya kiwango husikika mara kwa mara kwa watu waliotoka kampuni za huku ambazo majina yake hayajulikani Marekani, na ni rahisi zaidi kulijadili hilo kabla ya kusaini kuliko kungoja kupandishwa.

Kuhusu tathmini, kanuni zilizoandikwa utazipata popote. Kinachotakiwa ni tukio: mara ya mwisho mtu wa timu yenu kuondolewa kwa sababu ya utendaji ilikuwa lini, alipewa muda gani wa kujirekebisha, na je, yeyote aliyewahi kuwekwa kwenye mpango wa kujirekebisha alibaki? Msimulizi akicheka kabla ya kujibu swali la mwisho, mpe nafasi amalize kucheka, kisha mwombe aeleze.

Jambo moja ambalo simulizi za watu wa kwetu huligusia kwa uchache ni uandishi. Tangu 2004, Jeff Bezos alipopiga marufuku slaidi katika vikao vya wakuu wa Amazon, hoja hupelekwa kwa waraka wa maandishi usiozidi kurasa sita. Kikao huanza kwa ukimya: watu wote wameketi, kila mmoja ana nakala yake, na kwa dakika ishirini au zaidi hakuna sauti ila ya kurasa na kalamu. Mwandishi wa waraka naye amekaa palepale, akiwatazama wakubwa wakiandika pembeni mwa aya zake. Baada ya hapo maswali huanza, ukurasa kwa ukurasa. Mhandisi mzungumzaji, aliyezoea kupata anachotaka kwa kusimama na kueleza, anaweza kuteseka pale, ilhali mkimya anayeandika kwa ufasaha atang'aa. Hata kwenye kampuni zisizo na utaratibu huo, kupandishwa cheo hutegemea sana maelezo yaliyoandikwa juu ya kazi ya mtu. Uliza nani huyaandika, na kama msimulizi alipata msaada wa kuyaandika.

Pesa

Hapa simulizi hupotosha kwa sababu watu hutaja jumla. Jumla hiyo ina mshahara, bonasi na hisa, na hisa hazitolewi zote siku moja. Amazon kwa miaka mingi iliwapa watu asilimia 5 ya hisa zao mwaka wa kwanza, 15 wa pili, kisha 40 na 40, huku pengo la mwanzo likizibwa kwa fedha taslimu. Aliyeondoka baada ya miezi kumi na minane aliacha nyuma karibu hisa zote alizokuwa akizitangaza. Bei nayo hupanda na kushuka: hisa ya Meta ilianza 2022 ikiwa zaidi ya dola 330 na Novemba ya mwaka huohuo ikafika chini ya dola 90. Aliyeajiriwa kwa bei ya juu na aliyeajiriwa kwa bei ya chini watakuwa na simulizi mbili za ukarimu wa kampuni moja. Nchini Kenya hisa hizo hutozwa kodi kama mapato ya ajira zinapokuwa mali yako, kwa hiyo mwulize msimulizi kilichobaki mkononi baada ya makato, si kilichoandikwa kwenye barua ya kuitwa kazini.

Uliza pia kilicholipwa watu walipopunguzwa, na uliza kwa nchi. Google ilipopunguza watu 2023 iliwaahidi wa Marekani mshahara wa wiki zisizopungua 16, na wiki mbili zaidi kwa kila mwaka waliotumika. Ahadi hiyo haikuwahusu watu wa nchi nyingine, ambao waliachiwa sheria na desturi za kwao. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia, na ya Tanzania siku saba kwa kila mwaka hadi miaka kumi. Kampuni inaweza kulipa zaidi ya hapo, na ni waliopunguzwa katika ofisi yako tu watakaokwambia kama ililipa.

Kabla ya sahihi

Ukishapata watu watatu au wanne wa idara unayokwenda, omba nusu saa na meneja atakayekusimamia. Afisa wa kuajiri asikufanye uone kwamba unaomba makubwa, kwani ombi hilo ni la kawaida. Mwulize meneja maswali yaleyale ya zamu, vikao vya jioni na watu walioondoka timu yake mwaka uliopita, kisha ulinganishe na ulichosikia. Majibu yakipishana kidogo hakuna neno. Yakipishana sana kuhusu jambo ambalo huwezi kulivumilia, mwambie waziwazi ulichosikia, bila kumtaja aliyekwambia, na umpe nafasi ya kueleza.

Yale yanayokufaa yaandikwe. Ahadi ya afisa wa kuajiri kwamba utafanya kazi na Dublin na si Redmond haimfungi meneja ajaye, na mameneja wa kampuni hizi hubadilishwa mara kwa mara. Sheria ya Kenya inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Omba yawemo kwenye mkataba au angalau kwenye barua pepe kutoka kwa kampuni, pamoja na jina la timu, ngazi na nchi anakokaa meneja wako, na nakala uihifadhi kwenye anwani yako binafsi, kwa kuwa ya kazini hufungwa siku ileile unapoondoka.